Namba Kubwa Si Lazima Iwe Picha Bora

Fungua mipangilio ya king'amuzi chako, nenda sehemu ya picha. Utakuta orodha: 576i, 576p, 720p, 1080i, na kwenye ving'amuzi vipya 1080p. Wengi wetu huku Wazo, Dar es Salaam, tunabonyeza namba kubwa kuliko zote kisha tunarudi kwenye mpira. Kwa TV ya inchi 32, ile iliyozoeleka kwenye sebule za kupanga kuanzia Tegeta hadi Madale, hilo mara nyingi si chaguo zuri.

Namba hizo ni hesabu ya mistari ya picha kutoka juu hadi chini. Herufi inayofuata nayo ina kazi yake. Penye "p", mistari yote huja kwa pamoja. Penye "i" huja nusu nusu: kwanza mistari ya witiri, halafu ya shufwa, mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo 1080i kila inapokuja inaleta mistari 540 tu, na kazi ya kuziunganisha nusu mbili inabaki kwa TV. TV nzuri huifanya vizuri. Ya bei rahisi hubabaika hasa kwenye mwendo: Simba na Yanga wanacheza, mtu anapiga krosi, na kingo za mpira zinaota meno kama chanuo. Nyingine huchukua nusu moja tu na kuinyoosha, ukabaki na picha hafifu kuliko ya 720p, huku maandishi ya TV yakikuambia unatazama 1080.

Sasa tazama kioo chenyewe. TV nyingi za inchi 32 zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Ukikipa 1080 kitaipunguza, ukikipa 720 kitaikuza kidogo, maana hakuna kati ya hizo mbili inayolingana nacho. Ndiyo maana kwa TV hizi mimi huanza na 720p: king'amuzi kinaunganisha nusu zile chenyewe, kisha kinaipa TV picha kamili 50 kila sekunde. Na tusisahau jicho. Kwenye inchi 32, ukikaa zaidi ya mita 2 hivi, jicho la kawaida haliwezi tena kuutenganisha mstari mmoja na mwingine wa 720. Hiyo 1080 unayoililia ingekufaa kama ungekuwa umeegemea meza ya TV.

Kuanzia inchi 43, vioo vingi ni vya mistari 1080 kamili au zaidi. Hapo weka 1080p kama king'amuzi chako kinayo, la sivyo 1080i. Mwenye kioo cha 4K naye afanye hivyohivyo, aiache TV ikuze yenyewe. Ila chaneli iliyorushwa kwa mistari 576 itabaki ya 576 hata ukiionyesha kwenye ukuta mzima. King'amuzi hakiwezi kubuni kisichotoka kituoni.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu. Weka chaneli ya habari, uangalie maandishi yanayopita chini ya skrini, kwanza kwa 720p kisha kwa 1080i. Yanapotetemeka au kuacha kivuli, achana na chaguo hilo. Kama king'amuzi kinakuuliza 50 au 60, chagua 50, kwa kuwa chaneli zetu hurushwa kwa mwendo huo. Ukiweka 60, kamera ikifuata mchezaji picha itakuwa inarukaruka. Ukichagua kipimo ambacho TV haikiwezi na skrini ikawa nyeusi, tulia kwanza: ving'amuzi vingi hurudi vyenyewe baada ya sekunde chache.

Haya yote ni bure kama umeunganisha kwa waya wa AV, ule wa nyekundu, nyeupe na njano. Waya wa njano haupitishi zaidi ya mistari 576, uweke namba yoyote uitakayo. Nimeingia vibanda umiza vyenye TV kubwa ya bei mbaya iliyofungwa kwa waya huo, na watazamaji wanalalamikia kituo! Nunua waya wa HDMI. AV mwachie mwenye TV ya chogo.

Picha inayoganda au kukatika vipande vya mraba ni habari nyingine kabisa. Huo ni udhaifu wa mawimbi, na hakuna namba ya kwenye mipangilio itakayoutibu. Huku Dar dishi la Azam hutazama magharibi, kwani setelaiti yake iko nyuzi 7 mashariki na sisi tuko nyuzi 39. La DStv, ambayo setelaiti yake iko nyuzi 36, hutazama karibu utosini. Kwa hiyo mwenye Azam, kabla hujamlipa fundi, toka nje uangalie upande linakozama jua. Kama mwembe wa jirani umekua hadi mbele ya dishi, kazungumze naye apunguze matawi.