Homa ya Bonde la Ufa: hatari huanzia kwenye kisu

Mtu akishikwa na homa Kisii au Nyamira, wengi husema mara moja ni malaria. Si ajabu, kwani malaria imewahi kuwatesa sana wakazi wa milima hiyo baada ya mvua. Lakini ipo homa nyingine inayofuata mvua kubwa, nayo hutoka kwa mifugo: homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ulianza kuchunguzwa karibu na Ziwa Naivasha mwaka wa 1931, kondoo walipokufa kwa wingi. Mvua za El Nino za 1997 zilileta mlipuko mkubwa Garissa na kusini mwa Somalia. Ule wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Sehemu hizo ziko mbali na Gusii, lakini ng'ombe na mbuzi wa biashara husafirishwa kutoka soko hadi soko.

Je, mtu huambukizwaje? Mbu hueneza virusi hivi, lakini wagonjwa wengi huvipata kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna au kumzalisha.

Dalili huanza siku 2 hadi 6 baadaye: homa ya ghafla, kuumwa kichwa, misuli na viungo. Wengi hupona kwa muda wa wiki moja. Wachache huumia macho au ubongo. Wengine, chini ya mmoja katika kila 100, hugeuka macho manjano, hutapika damu na kutokwa na damu puani na kwenye fizi. Kati ya hawa, karibu nusu wanaweza kufa.

Hakuna dawa maalumu ya kuua virusi hivi. Mgonjwa hutunzwa hospitalini kulingana na hali yake. Hata hivyo, jamaa wasimtoroke, kwani haijathibitishwa kwamba binadamu humwambukiza mwenzake. Wauguzi wavae glavu kama kawaida.

Mifugo hutoa onyo mapema. Ng'ombe, kondoo au mbuzi wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, na ndama na wana-kondoo wakifa, mwite daktari wa mifugo. Mwenye ng'ombe anayekufa hutamani kumchinja ili aokoe pesa kidogo. Hapo ndipo hatari ilipo, kwake na kwa jirani anayemsaidia kuchuna.

Mnunuzi wa mjini naye ajihadhari. Nunua nyama iliyopigwa muhuri na mkaguzi, uipike iive, na uchemshe maziwa. Lala ndani ya chandarua. Mifugo ichanjwe kabla ya mlipuko. Ukishaanza, sindano inayotumiwa kwa wanyama wengi yaweza kueneza ugonjwa.

Na ukipata homa baada ya kushika mnyama mgonjwa, mwambie daktari hata kama hakukuuliza.