Njia ya Kisangani–Banalia: Butoni za pikapu zinaweza kukutosha mu potopoto, ao kukuzamisha zaidi

Mvua ikinyesha usiku muzima kwenye barabara ya taifa namba 4, asubuhi kila shofere mwenye anatoka Kisangani kuelekea Banalia anajua kazi yenye inamungojea. Ni kilometa 128 hivi, lakini ni kilometa za udongo mwekundu. Jua likiwaka, ni vumbi. Mvua ikipita, ni potopoto yenye inateleza kama sabuni.

Siku hizi, pikapu nyingi zenye zinapita huku, za mashirika, za wafanya biashara, za kanisa na za serikali, ziko na vifaa vya elektroniki vya kusaidia magurudumu kushika chini. Kwenye tablo unaona butoni zenye maandishi kama TRC, VSC OFF ao DAC, ao picha ndogo ya gari yenye inateleza. Mara nyingi butoni hizo zinabaki pale kama mapambo. Shofere anazikumbuka tu wakati gari imekwisha kulala juu ya tumbo lake, na vijana wa kijiji wamekwisha kufika na beleshi kuongea bei.

Katika makala hii tunaeleza vifaa hivyo vinafanya kazi namna gani, wakati gani vinasaidia, na wakati gani vinaharibu.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wote

Mutu anaweza kusema: mimi sina gari, haya mambo ni ya mashofere. Hapana. Barabara yetu ni moja. Pikapu moja ikikwama pahali pabaya, kamioni yenye inatoka Buta inasimama nyuma yake, motari mwenye alibeba mama mja-muzito anatafuta njia mu pori, na mufanya biashara mwenye alipakia ndizi anaona zinaiva njiani.

Kuna pia afya. Mwezi wa 9 mwaka wa 2021, serikali ilitangaza ugonjwa wa meningite katika eneo letu la Banalia. Wakati huo Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu watu 261 wenye walizaniwa kuwa na ugonjwa huo, na 129 walikuwa wamekwisha kufa. Katika saa kama hizo, gari yenye inalala njiani usiku mumoja haiko tu hasara ya mafuta. Ni dawa zenye hazijafika, na ni mugonjwa mwenye anaendelea kungoja.

Tena, gurudumu lenye linazunguka bure linachimba. Kila dakika shofere anakanyaga mafuta na gari haitembei, shimo linaongezeka urefu. Yeye atatoka, lakini shimo litabaki. Mwenye atakuja nyuma yake ndiye atalipa.

Kwanza tuelewe: kwa nini gurudumu moja linazunguka peke yake

Kati ya magurudumu mawili ya nyuma kuna kifaa chenye mafundi wanaita diferansieli. Kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja litembee haraka kuliko lingine wakati gari inakata kona. Bila hiyo, gari ingekuwa nguvu kugeuza na mipira ingekwisha mbio.

Lakini diferansieli iko na tabia moja mbaya. Nguvu yenye inapeleka kwenye gurudumu moja haiwezi kupita sana ile yenye inapeleka kwenye lingine. Gurudumu la kushoto likiwa mu potopoto, halina pahali pa kushika, linazunguka na nguvu kidogo sana. Basi lile la kuume, hata kama liko juu ya udongo mugumu, linapata vilevile nguvu kidogo sana. Linasimama tu kuangalia mwenzake.

Kuweka 4x4 kunaongeza magurudumu ya mbele, lakini tabia ni ile ile. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa pa kushika, gari yako ya 4x4 inasimama kama gari yoyote. Ndiyo sababu unaona Land Cruiser nzuri imekwama, na magurudumu mawili yanazunguka kama feni.

Ordinatere ya gari inafanya nini?

Kwenye kila gurudumu kuna kapteri, kifaa kidogo chenye kinahesabu mwendo wa lile gurudumu. Ni kapteri zile zile za freni za ABS. Ordinatere ikiona gurudumu moja linakimbia sana kuliko mengine, inajua linateleza. Inaweza kufanya mambo mawili.

Jambo la kwanza: inapunguza nguvu ya motere. Unakanyaga, lakini motere haikubali. Kwenye goudron yenye iko na maji, hiyo inakulinda usizunguke barabarani.

Jambo la pili: inapiga freni kwenye lile gurudumu tu lenye linateleza. Hapa ndipo uzuri uko. Gurudumu likifungwa na freni, linakuwa zito, na diferansieli inalazimika kupeleka nguvu kwa lile lenye linashika chini. Ile tabia mbaya tuliyoeleza inageuka kuwa musaada.

Wakati kazi hiyo inafanyika, utasikia kelele chini ya gari, kama kitu kinasaga: *grrr, grrr*. Taa ndogo inawaka na kuzima kwenye tablo. Mashofere wengi wakisikia vile wanaogopa, wanazani kitu kinavunjika, wanaachilia mafuta. Na gari inasimama pale pale. Haifai kuachilia. Kanyaga mafuta polepole, bila kupandisha na kushusha, ngojea sekunde mbili ao tatu. Ordinatere inahitaji huo wakati mufupi ili ishike na kupeleka nguvu. Pia, kukanyaga mpaka chini haisaidii. Magurudumu yatakimbia, na freni zitapata moto.

Ukiona magurudumu yanaendelea kuzunguka dakika nzima, acha. Freni zikipata moto sana, ordinatere inazima musaada yenyewe ili kuzilinda. Shuka, tumia beleshi na matawi.

Wakati wa kuzima, wakati wa kuacha

Swali lenye mashofere wanaulizana sana ni hili: kuzima TRC ao kutokuzima?

Fikiri juu ya ile kazi ya kwanza, kupunguza nguvu ya motere. Uko unaingia mu potopoto ndefu, ya mita 50. Unahitaji mwendo wa namna moja mpaka ungambo. Katikati, magurudumu yanateleza kidogo, ordinatere inakata nguvu, mwendo unakufa, gari inazama. Pahali kama hapo, kuzima ni vizuri, na kuzima mbele ya kuingia, haiko katikati.

Kwa Toyota nyingi, kufinya butoni ya VSC OFF mara moja kunazima kupunguza nguvu ya motere. Kuifinya sekunde 3 hivi, wakati gari imesimama, kunazima pia ule musaada wa kulinda gari isizunguke. Kwa magari mengi, ukiweka L4 musaada huo unajizima wenyewe. Ile kazi ya pili, ya kupiga freni gurudumu moja, mara nyingi inabaki, na ni hiyo tunataka.

Lakini pahali penye mashimo makavu, mawe, ao mizizi, penye gurudumu moja linabaki hewani, usizime. Pale enda polepole katika L4, vitesi ya kwanza, na uache elektroniki ifanye kazi yake.

Na ukifika kwenye njia nzuri, washa tena. Kuna watu wanazima Banalia na wanaingia Kisangani bado imezimwa, mwendo wa 80. Siku moja mbuzi anaruka barabarani, na kile chenye kingeokoa gari kimelala.

Blokaji ya diferansieli

Pikapu nyingi, hata zile za zamani zenye hazina elektroniki, ziko na blokaji ya nyuma. Hiyo inafunga magurudumu mawili pamoja kama yako kwenye chuma kimoja. Yanazunguka sawasawa, hata kama moja liko hewani. Mu potopoto nzito, blokaji iko na nguvu kuliko TRC, kwa sababu haingojei gurudumu liteleze kwanza.

Iko na masharti yake:

- Iweke mbele ya kuingia pahali pabaya, gari ikiwa imesimama ao inatembea polepole sana. Usiiweke wakati gurudumu moja linazunguka kwa nguvu, unaweza kuvunja meno ndani.
- Kwa magari mengine inakubali tu kama uko kwenye L4. Taa ikiwaka na kuzima, bado haijashika. Tembea kidogo mpaka taa itulie.
- Ukiiweka, gari inakataa kona, inataka kuenda mbele tu. Kwenye barabara yenye mutelemko wa upande, nyuma inaweza kuteleza mpaka mu mufereji.
- Kwa magari mengi, ukiifunga, TRC inazimika. Usishangae.
- Ukitoka kwenye pahali pabaya, itoshe mara moja.

Sharti hilo la mwisho ni la 4x4 pia, kwa pikapu nyingi: usiiache kwenye goudron kavu ya mujini. Vyuma vinajikaza na vinaharibika.

Kushuka mulima na freni za ABS

Butoni ya DAC, ao HDC kwa magari mengine, inasaidia kushuka. Unatosha miguu kwenye freni na mafuta, ordinatere inapiga freni kidogo kidogo kwenye kila gurudumu, gari inashuka polepole na sawasawa. Inafaa kwa mutelemko kama ule wa kuelekea kwenye kivuko, ile wengi tunaita bac, kwenye muto Aruwimi.

Lakini jua jambo moja juu ya ABS. Mu potopoto na kwenye changarawe, gari yenye ABS inaweza kuchukua mita nyingi zaidi mbele ya kusimama. Gurudumu lenye limefungwa kabisa linasukuma udongo mbele yake na udongo huo unalisimamisha. ABS inakataza gurudumu kufungwa, ili uweze kuendelea kugeuza usukani. Kwa hiyo shuka na vitesi ndogo tangu juu, motere yenyewe ikuzuie. Usingojee kufika chini ili ukanyage freni.

Gari ikianza kuteleza upande, achilia freni kidogo, magurudumu yazunguke, usukani utarudi.

Vitu vyenye elektroniki haiwezi

Elektroniki inagawanya nguvu. Haiwezi kutengeneza pa kushika chini kama hapako. Mupira wenye meno yamekwisha unajaa potopoto, unakuwa kama chungu chenye kupakwa mafuta. Hata gari ya bei ya dola 60 000 itateleza.

Muzigo pia. Pikapu nyingi zinatengenezwa kubeba karibu tani moja. Sisi tunaweka magunia, bidoni za mafuta ya ngazi, kisha watu kumi juu. Nyuma inalala, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na magurudumu ya mbele hayashiki tena.

Kupunguza upepo wa mipira kunasaidia sana. Kama muzigo ni mwepesi, kushuka mpaka bar 1,5 hivi kunapanua mupira na unashika vizuri. Lakini kama huna pompe ya kurudisha upepo, ao kama umebeba sana, usifanye vile. Mupira wenye upepo kidogo ukikimbizwa, unapata moto na unapasuka.

Na kuna baryere za mvua. Zinafungwa wakati wa mvua na saa chache kisha mvua ili udongo ukauke. Kuwa na 4x4 na butoni nyingi haikupi ruhusa ya kutoa kitu kidogo ili baryere ifunguliwe. Gari yako inaweza kupita, ndiyo. Lakini alama zenye utaacha zitakauka vile vile, na mvua ya kesho itazijaza maji.

Mbele ya kutoka Kisangani

- Angalia taa za ABS na VSC kwenye tablo. Zikibaki zinawaka kisha motere kutembea, mara nyingi kapteri moja imejaa potopoto ao waya yake imekatika. Kapteri moja ikikufa, musaada wote unazimika. Osha ndani ya magurudumu kisha kila safari.
- Jaribu 4x4, L4 na blokaji mujini kwenye udongo, hata kama huihitaji. Kifaa chenye hakitumiwe kinakamata kutu.
- Uliza makanika wako butoni za gari yako zinafanya nini hasa. Gari mbili za jina moja zinaweza kutofautiana.
- Beba beleshi, kriki, mbao mbili nene, kamba ya nguvu na pompe.
- Ukifika kwenye shimo, simama. Shuka na miguu, pima na fimbo, chagua njia, weka L4 na blokaji, kisha ndiyo uingie.

Hiyo ya mwisho ndiyo inapita zote. Dakika tano za kuangalia na miguu zinaokoa saa tano za kuchimba. Na mwenye anapita polepole, bila kuzungusha magurudumu bure, anaachia wenye wanakuja nyuma barabara yenye bado inapitika.