Banda la kuku si stoo, acheni hewa ipite

Mtaani kwetu vijana kibao tuliomaliza fomu foo tumeingia kwenye kuku. Mtu anakopa, ananunua vifaranga 100, halafu banda anajengea hela iliyobaki: tofali mpaka juu, kidirisha kimoja, kisa wezi na baridi. Baada ya wiki kadhaa kuku wanakoroma, jamaa anakimbilia dawa. Mimi nasema kabla ya kununua dawa, angalia hewa.

Iko hivi. Kinyesi cha kuku kikilowana kinatoa gesi ya amonia, ile harufu inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi. Inaunguza njia ya hewa ya kuku, baada ya hapo mafua yanaingia kiulaini. Wewe unaingia dakika mbili unatoka. Kuku analala humo, tena pua yake iko karibu na sakafu, gesi inakotokea. Halafu kuku hatoki jasho kama sisi. Joto likizidi anatanua mabawa, anahema mdomo wazi, anakunywa maji tu, chakula anaacha, na mayai yanapungua. Kule kuhema kunatoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unarudi kulowesha maranda. Amonia inazidi tena!

Sasa ujenzi. Ukuta wa futi 2 hadi 3 unatosha, uwe wa tofali au mabanzi. Kuanzia hapo mpaka juu weka wavu, na uwe pande zote mbili ndefu, maana ukiweka upande mmoja hewa haipiti. Banda lielekee mashariki na magharibi kwa urefu, ili jua la asubuhi na jioni lipige kuta fupi. Hizo fupi ndizo unaweza kuziba. Paa lizidi ukuta ili mvua isirushwe ndani.

Wezi wapo, sibishi. Ila mwizi anazuiwa na nondo na kufuli, na kicheche anazuiwa na wavu wa matundu madogo. Kuziba hewa unamkomoa kuku tu.

Kwa wenzetu wa Mbeya na Njombe, au popote usiku wa baridi, shona viroba viwe pazia. Pazia lifungwe kwa chini na lifunguke kuanzia juu, hivyo upepo haumpigi kuku lakini hewa chafu inatoka. Vifaranga wanataka nyuzi joto 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na wengi tunatumia jiko la mkaa. Hapo jamani kuweni makini: mkaa kwenye chumba kilichozibwa unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Inaua vifaranga, na wewe ukilala humo inakuua pia.

Nafasi: kuku wa nyama wasizidi 10 kwa mita moja ya mraba, wa mayai wanaofugwa chini 5 au 6. Maranda makavu, kina cha vidole vinne hivi, na yaliyolowana kwenye vyombo vya maji yatolewe kila siku.

Kupima ni bure. Alfajiri, kabla hujafungua kitu, ingia uchuchumae kichwa chako kiwe usawa wa kuku, hesabu dakika mbili. Macho yakiwasha, chukua nyundo upanue madirisha leo hii, dukani utaenda baadaye.