Vitabu vya Mtumba na Basi la Dakika Ishirini

Kama umewahi kupanda basi la Nairobi kwenda Mombasa, Mtito Andei unapajua hata kama jina limekutoka. Ni pale katikati ya safari, kondakta anapoita "dakika ishirini!" na basi zima linashuka. Huyu anakimbilia choo, yule chai, mwingine ananyoosha miguu tu. Jina lenyewe ni la Kikamba, msitu wa tai, na lango la Tsavo Magharibi liko hapo hapo. Mimi nauza vitabu vya mtumba hapo. Nikisema hivyo watu hucheka. Nani ananunua kitabu Mtito?

Wananunua. Mchana ni wenyeji: wazazi, walimu, wanafunzi wa sekondari. Usiku ni abiria. Mwaka 2017 treni ya SGR ilipoanza nilidhani nimekwisha, maana wengi waliacha basi. Ni kweli walipungua, lakini mabasi ya usiku bado yanasimama, na mtu aliyekaa kwenye kiti saa nne anatafuta chochote cha kufanya.

Mzigo nautoa Nairobi, kwa wale tunaowaita wauzaji wa inama. Vitabu vimetandazwa chini kando ya barabara, wewe unainama unachagua, kama vile nguo. Nikishajaza gunia naliweka kwenye buti la basi nashuka nalo nyumbani. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Sehemu ngumu ni kwamba kitabu cha shule kinaweza kufa ukiwa umekishika mkononi.

Mtaala mpya uliingia madarasa ya chini 2019, na KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Sote tulijua tarehe hiyo. Lakini mimi nilikuwa bado na marundo ya vitabu vya marudio ya darasa la nane, nikisema vitatoka tu. Mtihani ulipoisha, vikageuka karatasi. Vingine nilimpa mama wa njugu pale stendi, akawa anafungia. Tena tangu 2018 serikali inapeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kwenye shule za umma, kwa hiyo mzazi haji tena na orodha ndefu. Anataka kamusi, atlasi, hadithi, marudio. (Na kama wewe ni muuzaji kama mimi, kijana akikuletea kitabu chenye muhuri wa shule, mrudishe nacho. Hicho si mtumba, ni mali ya umma, na ukikinunua kesi ni yako.)

Sasa, Januari 2024 nilitaka kwenda Nairobi kununua mzigo mpya, wa mtaala mpya. Nikaangalia simu. Hakuna kitu. Nauli yenyewe ilikuwa ya kukopa.

Nikapiga *334#, nikaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ikaja kwa barua pepe. Mimi na mke wangu tulikaa nayo jioni mbili, kalamu mkononi. Vitabu vilikuwa vimeingiza zaidi ya elfu thelathini na nane. Lakini kwenye laini ile ile kulikuwa na karo, chama, tokeni za stima, matibabu ya mama, na bia mbili tatu ambazo sikuzitaja kwa sauti. Kilichoniuma zaidi ni Fuliza. Usiku nilikuwa nanunua tokeni kwa Fuliza, asubuhi mteja analipa mia tano ya kitabu, na ile mia tano inalipa deni kwanza kabla sijaiona. Nilikuwa nauza vitabu ili kuwasha taa. Hakuna aliyeniibia. Mimi mwenyewe ndiye niliyechanganya.

Ndipo nikaandikisha nambari ya till ya duka. Pesa za vitabu zinaingia huko, na hazikutani na deni langu la nyumbani. Kila Jumapili najilipa kiasi kile kile, mwezi mzuri au mbaya, na kinachobaki ni cha gunia lijalo. Mke wangu ndiye anayejua nikizidisha.

Till inaonyesha saa na kiasi, haionyeshi kitabu. Kwa hiyo nina daftari la shilingi thelathini, naandika jina la kitabu kando ya saa. Baada ya miezi minne nikaona jambo ambalo sikulijua kwa miaka: karibu nusu ya mauzo yangu yalikuwa kati ya saa mbili na saa tano usiku, hadithi za watoto za kupeleka zawadi na riwaya za Kiingereza.  Siku hizi nafungua saa nne asubuhi, nalala kidogo, na usiku nipo.

Usiku una mambo yake lakini. Mwaka jana alikuja jamaa nadhifu, mpole, akachagua hadithi tisa, atlasi na kamusi. Elfu tatu na mia mbili. "Bosi, nimetuma, angalia, basi linaondoka." Meseji ikaingia kweli, ina jina, ina kiasi. Honi ikapigwa. Nikamfungia mfuko, hata nikamwambia safari njema. Nilipotulia ndipo nikaona: meseji imetoka kwa nambari ya kawaida ya simu, si M-PESA, na salio lililoandikwa mwishoni sijawahi kuwa nalo maishani. Basi lilikuwa limeshapita Kenani.

Tangu siku hiyo sisomi meseji peke yake. Natazama salio la till, liongezeke kwanza. Anayekuonyesha simu yake, mwambie kwa upole, "Ndugu, ngoja niangalie yangu." Mwenye haki hukasirika nusu dakika tu. Na akikupigia mtu usiyemjua akisema amekosea nambari, umrudishie pesa haraka, usitume wewe. Mwambie apeleke ile meseji yake ya malipo kwa 456, irudishwe kwa njia yake. Nawe ukituma, jina linapotokea kwenye skrini kabla hujamaliza, lisome. Mimi mzigo wa Nairobi nikiagiza kwa simu, hilo jina nalisoma kwa sauti dukani, wateja wananiona kama mwendawazimu.

Mtihani mwingine uko mbele. Wanafunzi walioingia kidato cha kwanza 2024 ndio wa mwisho wa 8-4-4, na watafanya KCSE 2027. Vitabu teule vyao vya fasihi ndivyo vinavyonilisha kila Januari. Safari hii nimeviweka kwenye rafu moja tu, mlangoni, na kila muhula napunguza bei kidogo. Sinunui vingine. Jana mwalimu mmoja alichukua *Bembea ya Maisha* nakala sita kwa mpigo, akalipa, nikaangalia salio, nikaandika kwenye daftari. Rafuni zimebaki kumi na moja.