Ndege za bomu zilizochora ramani za Afrika

Kila mutu wa mugodi anaijua ramani, ile tunaita karte. Mbele ya kutoboa hata shimo moja, wakubwa wanaifungua juu ya meza na kuweka kidole: hapa. Lakini ni wachache wanaojua kwamba ramani nyingi za Afrika zilianzia katika tumbo la ndege za kutupa bomu.

Vita ilipomalizika mwaka 1945, Wamarekani walibaki na ndege mingi bila kazi. Moja ni B-17 ya kampuni ya Boeing: mashini nne, bunduki kila upande, watu kumi ndani. Njo hiyo ilikuwa imebomoa miji ya Wajerumani. Nyingi zilikatwakatwa, chuma kikayeyushwa. Lakini Wafaransa wa Institut Géographique National (IGN) wakaona faida. Kuanzia 1947 wakakusanya 14, na makao yake yakawa Creil, kaskazini ya Paris. Wakatoa bunduki, wakatoboa sakafu, wakafunga mashini ya kupiga picha yenye kutazama chini.

Juu ya nini walichagua ndege ya bomu? Kwa sababu kazi zile mbili zinafanana. Kwa kulenga bomu, lazima ndege iende mustari mumoja, urefu mumoja, bila kuyumba. Kwa kupiga picha ni vilevile: ukipinda kidogo, kipande cha inchi kinabaki bila picha, unarudi siku ingine na kuchoma mafuta tena. Tena B-17 ilipanda mpaka karibu kilomita 10, na ilikaa hewani masaa mingi.

Ilikuwa inaenda na kurudi, inaenda na kurudi, sawa mutu anayelima matuta. Kila picha ilifunika zaidi ya nusu ya ile ya mbele yake, na hapo njo kuna akili yote: kilima kimoja kinaonekana kutoka fasi mbili, sawa kwa macho mawili. Ukiziweka picha mbili chini ya miwani yake maalum, kilima kinasimama na bonde linazama, na mafundi wanaweza kupima urefu wake. Wenye kuruka, wao waliteseka na baridi na kupumua kwa maski, maana juu ya mita 6,000 hewa ni kidogo. Wingu likitokea, siku imepotea.

Kwa njia hiyo IGN ilichora nchi za Wafaransa za Afrika, hata kwa jirani zetu wa Brazzaville. Waingereza nao walitumia ndege zao za bomu, Lancaster, katika Afrika ya Magharibi na Kenya. Kule Kanada, Lancaster moja ilikuta kisiwa kikubwa katika mwaka 1948, kisiwa ambacho hakikuwa katika ramani!

Picha, lakini, haina jina wala kipimo. Watu walipaswa kutembea kwa miguu, kukata pori, kubeba vyombo kwa kichwa mpaka juu ya vilima, kuweka alama. Wengi wao walikuwa Waafrika, na majina yao hayakuandikwa pembeni ya karatasi. Majina ya mito yaliulizwa kwa wanakijiji. Mwenye kuandika akisikia vibaya, mto umepata jina baya mpaka leo. Sisi tunaona hao wenye kubeba walistahili kukumbukwa kuliko ndege.

Kwa wachimbaji faida ni kubwa. Kutoka juu, mujuzi wa mawe anaona mikunjo ya udongo na mipasuko ambayo mutu wa chini anaikanyaga bila kujua. Nyinyi wa Katanga munajua vile vilima vya shaba ambapo miti haioti, paka majani na maua madogo. Kwenye picha ya ndege vinaonekana sawa kichwa chenye kipara katikati ya pori.

B-17 za IGN zilifanya kazi miaka mingi, kuliko vita yenyewe mara nyingi. Mwaka 1989 moja yake ilipelekwa Binbrook, Uingereza, kuchezwa katika filme ya vita. Ilipotaka kuruka ikatoka njiani, ikashika moto. Watu kumi walikuwa ndani, na wote wakaokoka. Walikuwa wameipaka tena rangi za vita.