Nani Alijenga Mji? Kutoka Mji Mkongwe Hadi Litembo

Pendekezo langu la utafiti lilirudi na wino mwekundu: "Litembo si mji." Sikubishana. Nilirudi hosteli, nikalala bila kula, na kesho yake nikaingia maktaba kumsoma Profesa Abdul Sheriff.

Wengi tunamjua kwa kile kitabu cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu Zanzibar, kilichotokana na udaktari alioupata Chuo Kikuu cha London mwaka 1971. Alifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, kisha akarudi Unguja kusimamia makumbusho.

Kilichonishika mimi ni jinsi anavyousoma mji. Mwaka 1992 alitoa makala kuhusu misikiti ya Mji Mkongwe, na humo hakuanzia ikulu. Aliuliza: msikiti huu kajenga nani, na nyumba au shamba la wakfu lilitoka kwa nani? Watawala walikuwa Waibadhi, lakini misikiti mingi pale ni ya Sunni. Kumbe mji haukujengwa na sultani peke yake. Wafanyabiashara na wenye mashamba waliujenga pia, mtaa kwa mtaa. Hata majina yanatunza habari: Darajani leo huvuki maji, ila zamani mkondo wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja lilikuwepo kweli.

Sasa twende Litembo, kwetu milimani Mbinga. Milango ya nakshi hatuna. Tuna ngoro, kahawa, kanisa na hospitali ya misheni. Lakini mgonjwa haji peke yake. Huja na ndugu wa kumuuguza, na huyo ndugu anahitaji pa kulala, kuni, sufuria, chai ya asubuhi. Ndipo vyumba vya kupangisha vinapoota. Bibi mmoja jirani yetu aliacha palizi ya kahawa akaanza kuuza uji karibu na geti. Nilipomuuliza kwa nini, alinicheka: "Mjukuu wangu, wenye njaa wako hapa, shambani nikamuuzie nani?"

Nikaliandika upya pendekezo, safari hii nikianzia na uji. Limerudi wiki iliyopita, wino ule ule mwekundu, ila sasa ni swali: "Chumba cha kwanza cha kupangisha alijenga nani?"

Bibi anasema anamjua. Likizo ikifunguliwa napanda basi.