Kila mwenye simu ni mwandishi wa habari?



Siku hizi ajali ikitokea, trafiki hajafika lakini picha zimeshafika. Aliyezipiga hana kitambulisho cha uandishi. Ni kondakta, mama ntilie au mwanafunzi anayetoka shule. Huo ndio unaitwa uandishi wa habari wa kiraia. Na mimi nimo humo humo: nimeishia kidato cha nne, sijaajiriwa na gazeti lolote, naandika kwa kujitegemea. Ndio maana leo nataka tuupime pande zote mbili bila ushabiki.

FAIDA

Kwanza, raia yupo pale ambapo mwandishi hayupo. Mnakumbuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007? Tarehe 30 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na huku watu wanauana. Januari 2008 Ory Okolloh na wenzake wakaanzisha tovuti ya Ushahidi. Mwananchi alituma taarifa kwa intaneti au kwa meseji ya kawaida, nayo ikawekwa kwenye ramani ili watu wajue wapi pamechafuka. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kitu kilichozaliwa hapa kwetu Afrika Mashariki!

Pili, simu ya raia inaweza kuumbua uongo wa wakubwa. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, Marekani, polisi alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti mpaka akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya kupata tatizo la kiafya. Goti halikutajwa kabisa. Lakini binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa amerekodi kila kitu. Aprili 2021 yule polisi akatiwa hatiani kwa mauaji, na mwaka huo huo waandaaji wa tuzo za Pulitzer wakampa Darnella heshima ya pekee. Hebu fikiria angerudisha simu mfukoni.

HASARA

Sasa tugeuze shilingi upande wa pili.

Uongo nao unapita barabara ile ile. Hizo hizo meseji zilizopeleka taarifa Ushahidi ndizo zilizobeba uchochezi wa kikabila Kenya. Kule Boston, baada ya mabomu ya Aprili 2013, watu mtandaoni walijifanya wapelelezi wakamtaja kijana mmoja mwanafunzi kuwa ndiye gaidi. Hakuhusika hata kidogo. Alikuwa amepotea tangu mwezi uliotangulia na baadaye akakutwa amekufa. Familia inamtafuta mtoto wao, huku dunia inamwita muuaji! Nani aliwalipa machozi yao?

Halafu kuna suala la utu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka na kuua makumi ya watu. Picha za walioungua zikazagaa kwenye simu. Jamani, ile sio habari. Yule ni baba wa mtu.

Tatu, raia hana ngao. Gazeti lina mhariri na mwanasheria, wewe una bando tu. Hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, iliweka adhabu ya kusambaza taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Na hata ukipatia, hulipwi. Picha yangu ya mafuriko iliwahi kutoka gazetini, jina langu halimo na senti sikuiona.

TUFANYEJE?

Mimi naona cheti sio hoja. Darnella hakuwa nacho. Kinachomtofautisha mwandishi na mmbeya ni kuhakikisha kabla ya kutuma. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, jiulize:

1. Nimeona mwenyewe au nimetumiwa? Kama umetumiwa, sema hivyo, au acha kabisa.
2. Ni wapi, lini, saa ngapi? Picha isiyo na tarehe kesho itatumika kwa tukio jingine.
3. Kuna sura ya mtoto, majeruhi au maiti? Ifiche.
4. Namtaja mtu kuwa mhalifu? Hiyo ni kazi ya mahakama, sio yako.

Na ile picha halisi usiifute, ndiyo itakayokutetea ukiulizwa.

Kuchelewa dakika kumi hakuui mtu. Kuwahi na uongo kunaweza kuua.

Wadau mnasemaje? Mwenye hoja tofauti aitoe, ila matusi hapana.